Mkono unajua kabla ya jicho: picha za abstrakti zinatoka wapi hasa

Kuna kikaratasi fulani cha saluni, chembamba, kinapitisha mwanga, ukubwa wake hauzidi kiganja, kazi yake ni kufungia ncha za nywele kabla hazijazungushwa kwenye rola na kupakwa dawa. Ukimaliza unakitupa. Mark Bradford alikulia kwenye saluni ya mama yake kule Los Angeles na yeye mwenyewe akafanya kazi ya nywele miaka mingi, kwa hiyo vikaratasi hivi alivishika maelfu kwa maelfu kabla hajaanza kuitwa mchoraji, shule ya sanaa alienda akiwa mtu mzima na digrii ya pili akaimaliza 1997 akiwa ameshavuka miaka 35. Sasa picha zilizomtoa, kama ile ya mwaka 2000 inayoitwa Enter and Exit the New Negro, ni vikaratasi hivyohivyo. Amevipanga mstari juu ya mstari, amevibandika, na kingo zake amezichoma moto ili zibaki na weusi kidogo. Ukisimama mbali unaona gridi tulivu kabisa. Ukisogea unaona ukungu wa karatasi juu ya karatasi, ukingo umeungua zaidi upande mmoja, kimoja kimekaa mshazari, kingine kimejikunja kwenye kona. Mtu aliyeshinda kwenye makumbusho atakwambia huyu amechukua kwa mchoraji Agnes Martin na wale wenzake wa gridi wa miaka ya 60, na mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha saluni haulizi, anajua zile karatasi ni za nini.

Wote wawili wana haki, ila mimi nasema yule wa saluni amefika karibu zaidi na picha. Na huu ndo ubishi ninaouleta, sababu kila nikisoma kuhusu wachoraji wa siku hizi wa abstrakti, zile picha zisizoonyesha kitu kinachotambulika, nakuta mtindo uleule, mchoraji anatajwa, halafu inafuata orodha ya wazee waliomtangulia, Kandinsky, Malevich, Pollock, Rothko, kama vile picha ni mtoto anayetafutiwa ukoo ili akubalike. Mimi naona ushawishi mzito unaingia mwilini mapema sana, hata mtu hajajua kama kuna kitu kinaitwa abstrakti, unaingia kupitia kazi aliyoifanya, kifaa alichokizoea, namna alivyofundishwa kukaa, kushika, kukata, kushona, kuandika. Wale wazee wa makumbusho wanakuja baadae, na wanachompa ni ruhusa. Ruhusa ni kitu kikubwa, sikatai, kuna watu wamekufa na vipaji vyao kwa sababu hakuna aliyewaambia inawezekana. Ila umbo la picha linatoka mkononi.

Tena huo ukoo wenyewe umeshavurugika. Zamani tulifundishwa kwamba Kandinsky alisikiliza muziki wa Schoenberg pale Munich Januari 1911, akarudi akachora, na ndo mlango ukafunguka, halafu Malevich akaja na mraba wake mweusi 1915. Stori nzuri, safi. Kumbe Hilma af Klint kule Sweden alishaanza tangu 1906, akafikisha picha 193 za mfululizo mmoja ilipofika 1915, nyingine zina urefu wa zaidi ya mita 3, na akaacha maagizo kazi hizi zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Akafariki 1944. Makumbusho ya Guggenheim ya New York walipozitundika mwaka 2018 walikuja watu zaidi ya laki 6. Kila mtu anapenda kusema kuhusu mizimu aliyokuwa anaongea nayo, na ni kweli alikuwa anakaa vikao hivyo na wanawake wenzake, yeye mwenyewe aliamini picha anapewa. Lakini mbona hatusemi kwamba huyu mama alisomea uchoraji rasmi Stockholm na alikuwa anachora mimea kwa umakini wa kisayansi, hadi chuo cha mifugo walimpa kazi ya kuwachorea? Ukiangalia ile mizunguko yake mikubwa, vile vikonyo, vile vitu vinavyofunguka kama ua lililokatwa katikati, huo ni mkono wa mtu aliyechora mimea miaka mingi. Mizimu wanaweza kuwa walimpa amri, sibishani na imani ya mtu, lakini walimkuta ana mkono tayari.

Sasa Jack Whitten. Huyu ndo ninayempenda kuliko wote, nitakaa naye kidogo.

Alizaliwa 1939 Bessemer, Alabama, ubaguzi wa rangi ukiwa ndo sheria ya nchi kule kusini mwa Marekani, baba mchimba makaa ya mawe, mama mshonaji. Alianza chuo cha Tuskegee kwa njia ya udaktari, akaacha, akaenda New York na 1960 akaingia Cooper Union kusoma sanaa. Alimfahamu mchoraji Willem de Kooning uso kwa uso na picha zake za miaka ya 60 zinaonyesha, zimejaa michirizi ya brashi inayopigana. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 70 akaiweka brashi pembeni. Akajitengenezea kifaa cha mbao chenye upana wa futi 12 hivi, yaani zaidi ya mita 3 na nusu, akakiita developa, jina la ile dawa ya kusafishia picha za filamu. Kanvasi inalala sakafuni, anamwaga matabaka ya rangi ya akriliki, moja juu ya lingine, halafu anashika kifaa na kuvuta mara moja tu kutoka mwisho huu hadi ule. Sekunde chache. Picha imekwisha, au imeharibika.

Nilishawahi kujaribu kitu hicho na ubao wa mita moja tu, maana nilitaka kujua. Akriliki haikusubiri, inaanza kuvuta ngozi juu ndani ya dakika chache, kwa hiyo ukiwa unafikiria rangi ya tatu ile ya kwanza imeshaanza kukakamaa, na ukivuta halafu mkono ukasita katikati, hata kidogo, unabaki mstari wa kusimama ambao hakuna namna ya kuufuta. Nilivuta mara nyingi. Nilichojifunza ni kwamba rangi za chini zinapasuka na kutokea juu kama wewe ulivyovuta, bega likishuka zinatokea nyingi, likipanda zinajificha. Tangu siku hiyo nikiangalia picha za Whitten za 1974 sioni tena ukungu mzuri wa rangi, naona mtu mzima amepita pale kwa mwendo mmoja bila kutetereka, na kifaa cha mita 3 na nusu mkononi, na nashindwa hata kueleza heshima ninayompa. Ukisoma maelezo yake utakuta anaongelea upigaji picha, namna kamera inavyopata taswira yote kwa mpigo, na 1974 hiyohiyo alipata nafasi ya kufanya kazi na kampuni ya Xerox akajaribu ule unga mweusi wa mashine za kunakili. Sawa, wazo lilitoka huko. Ila kifaa ni cha mtu wa mbao, na Whitten alikuwa mtu wa mbao kwelikweli, kila kiangazi alikuwa anaenda kisiwa cha Crete anachonga sanamu za mbao. Wazo la kamera lilipita kwenye mikono ya mchongaji, ndo maana halikubaki wazo tu.

Na hapa naomba niseme kitu kinachonikera. Watu wengi wakiona picha hizo leo wanasema zinafanana na Gerhard Richter, yule Mjerumani na zile picha zake za kukwangua kwa bapa ndefu. Richter alianza kuzifanya kwa ukubwa na kwa wingi miaka ya 80. Hesabu mwenyewe nani anafanana na nani. Sisemi Richter aliiba, sioni ushahidi wowote na wala sidhani, mikono miwili inaweza kufika sehemu moja kwa njia tofauti. Nasema tu kwamba tukitumia ukoo wa majina, mwenye jina kubwa anageuka baba hata kwa mtu aliyemtangulia.

Jambo hilohilo limempata Emily Kame Kngwarreye, na kwake limekuwa baya zaidi. Huyu bibi alizaliwa karibu 1910 eneo linaloitwa Utopia, kaskazini mashariki ya Alice Springs, jangwa la Australia, mtu wa jamii ya Anmatyerre. Kanvasi na akriliki alianza kuvishika mwishoni mwa 1988, akiwa na miaka kama 78, na hadi anafariki 1996 inakadiriwa alikuwa ameshatoa kazi karibu 3,000. Walipoziona wakosoaji wakaanza, hii kama Monet, hii kama Pollock, hii kama de Kooning. Bibi aliyeishi jangwani na watu wake, hao Monet angewatoa wapi? Sasa sikiliza alitoka wapi. Maisha yake yote alikuwa anashiriki sherehe za wanawake zinazoitwa awelye, ambapo wanawake wanapakana mistari ya rangi mabegani na vifuani, mstari unafuata mwili, unakunja pale mwili unapokunja. Halafu kwa miaka kama 10 kabla ya kanvasi alikuwa anafanya batiki na wanawake wenzake. Na aliyewahi kufanya batiki anajua nta ya moto ikishadondoka imedondoka, hakuna kurekebisha, kwa hiyo mkono unazoea kutosita. Weka hayo mawili pamoja, halafu nenda kaangalie Big Yam Dreaming ya 1995 iliyopo Melbourne. Karibu mita 8 kwa mita 3. Mistari myeupe juu ya weusi mtupu, inazunguka, inakutana, inaachana, inarudi, kama mizizi ya kiazi pori chini ya ardhi na kama nyufa za ardhi juu yake ikiwa imekauka, na jina lake la katikati, Kame, linatokana na kiazi hichohicho. Aliichora kwa siku mbili, amekaa chini, kanvasi imelala, akiwa amezungukwa na picha yenyewe. Hakuna mahali mstari umerudiwa kwa wasiwasi. Urefu wa kila mpindo ni urefu wa mkono wa mtu aliyeketi, we pima kwa macho utaona.

Nikisema hivi kuna mtu ataniambia unarudisha yaleyale, Mwafrika au mtu wa asili ya Australia anasomwa kwa mila zake, Mzungu anasomwa kwa falsafa. Hoja ni ya kweli na ninaichukulia kwa uzito. Mchoraji Odili Donald Odita alizaliwa Enugu, Nigeria, 1966, familia ikakimbia vita vya Biafra, akakulia Ohio ambako baba yake alikuwa profesa wa historia ya sanaa. Picha zake ni pembe kali za rangi zinazochomana, anachora hadi kuta nzima za majengo. Kila makala kuhusu yeye lazima iseme vitambaa vya Kiafrika, na ni kweli vimo, ila ni mtu aliyesoma Marekani mwanzo mwisho na anaijua michoro ya pembe kali ya miaka ya 60 kuliko hao wanaoandika. Upande wa pili kuna Sean Scully, kazaliwa Dublin 1945, kakulia London, alienda Moroko 1969 akaona vitambaa vya mistari na mistari hajaiacha mpaka leo. Kwake kitambaa kinaitwa safari ya kisanii. Kwa Odita kinaitwa asili.

Dawa yake siyo kuacha kuangalia mikono ya watu weusi. Dawa ni kuangalia mikono ya wote! Scully kabla ya yote alikuwa kijana wa miaka 15 kwenye kiwanda cha uchapaji London, anajifunza kupanga herufi za chapa, zile za kipande kwa kipande unazipanga ndani ya fremu mpaka zikabane zisicheze. Sasa angalia picha zake kubwa, hasa zile ambazo amekata tundu kwenye kanvasi moja na kuchomeka kanvasi nyingine ndogo ndani yake, imekaa imebana kabisa. Kila mtu anaona Rothko na Mondrian. Mimi naona kijana wa chapa, na sijui kwa nini hilo liwe dogo.

Etel Adnan naye, aliyezaliwa Beirut 1925 na kufariki 2021, mshairi kwanza, mchoraji baadae. Kanvasi zake ndogondogo alikuwa anazilaza mezani kama ukurasa, anakamua rangi kutoka kwenye tyubu na kuipaka kwa kisu mara moja, haigusi tena. Mlima Tamalpais wa California aliuchora hivyo miaka na miaka. Huyo ni mtu wa dawati.

Ila tahadhari na stori tamu. Sam Gilliam, mzaliwa wa Tupelo, Mississippi, aliyefanyia kazi Washington, mwishoni mwa miaka ya 60 alizitoa kanvasi kwenye fremu akazining'iniza ukutani na kwenye dari kama vitambaa, zimejikunja na kulegea. Kwa miaka mingi stori ikawa kwamba aliona nguo zimeanikwa kwenye kamba nje ya dirisha la studio. Stori inashikika, kila mtu anaielewa, na yeye mwenyewe baadae alitoa maelezo tofautitofauti kuhusu zilikotoka. Nadhani hapa ndo tofauti inapoonekana, kuona kamba ya nguo ni tukio la jicho, dakika moja, linafaa kusimuliwa. Nikiangalia kanvasi zenyewe naona kingine, kabla ya kuzining'iniza alikuwa anamwagia rangi nyepesi ya akriliki na kuikunjakunja kanvasi ikiwa mbichi, ndo maana kuna alama za mikunjo inayoakisiana kama karatasi iliyokunjwa katikati. Mtu anayekunja kitambaa kibichi kila siku, anakibeba, anakihamisha, ipo siku lazima ajiulize fremu ya nini. Jibu lilikuwa tayari mikononi, hiyo kamba iwe ilikuwepo au haikuwepo.

Frank Bowling hivyohivyo. Mzaliwa wa Guyana 1934, mama yake alikuwa na duka na alikuwa mshonaji, na Bowling kwa miaka mingi anakata kanvasi vipande, anaunganisha, anazungushia vipande vingine pembeni kama pindo. Miaka ya 70 alijitengenezea jukwaa la kuinamisha ili amwage rangi kutoka juu iteleze yenyewe. Wakosoaji walimpima kwa Rothko na Barnett Newman, na alikuwa anawapenda kweli, ila ule mkono wa kuunga pindo haukutoka kwa Newman.

Sasa niende kwenye sehemu inayonipa shida mwenyewe, maana kuna wachoraji ambao chanzo chao ni taswira, kitu cha jicho kabisa, na wamekifukia chini ya rangi. Hapo hoja yangu inasimama wapi?

Mwaka 2014 Richter alichora picha 4 zinazoitwa Birkenau. Chanzo ni picha 4 za kamera zilizopigwa kwa siri Agosti 1944 na wafungwa wa Kiyahudi waliokuwa wanalazimishwa kufanya kazi kwenye matanuri ya kuchomea maiti kule Auschwitz-Birkenau, kambi ya mauaji ya Wanazi, zikatoroshwa nje ya kambi. Richter alizihamishia kwenye kanvasi kwa mkono, akaanza kuzichora, akashindwa. Akaanza kuzifunika kwa rangi na kukwangua, tabaka juu ya tabaka, mpaka hakuna kinachoonekana, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani kidogo. Zinapotundikwa, nakala za zile picha za kamera huwa zinawekwa pamoja nazo. Nimeziwaza sana. Na ukweli wangu ni huu, bila jina na bila zile picha za pembeni sidhani kama macho yangeniambia nipo mbele ya nini. Zingekuwa Richter nzuri, nzito, za huzuni labda. Kinachonigusa ni kule kushindwa kwa mkono, kwamba mzee wa miaka 82, fundi anayeweza kunakili picha yoyote ya kamera duniani, ameifikia hii na mkono ukagoma, na akatuachia huo mgomo. Hilo ni tendo kubwa la ushuhuda. Kama uchoraji, naona linaegemea mno maelezo ya ukutani.

Linganisha na Julie Mehretu. Alizaliwa Addis Ababa 1970, familia ikahamia Michigan 1977, baba yake mhadhiri wa jiografia. Kazi zake za mwanzo zimejaa ramani, plani za majengo, viwanja vya ndege, viwanja vya miji. Kwenye Mogamma ya 2012, picha 4 kubwa, kuna michoro ya majengo yanayozunguka uwanja wa Tahrir wa Cairo, imewekwa juu ya michoro ya majengo mengine, mpaka hujui umesimama mji gani. Na namna anavyofanya ni ya mtu aliyesomea uchapaji, anachora kwa wino, anapaka tabaka la akriliki lisilo na rangi, anapiga msasa hadi linakuwa laini kama kioo, anachora tena juu. Kwa hiyo unaangalia ndani ya picha kama unaangalia ndani ya maji, mistari mingine ipo chini kabisa, huigusi.

Halafu akabadilika. Akaanza kuchukua picha za habari, maandamano, moto, watu wanaokimbia, anaziingiza kwenye kompyuta anazifanya ukungu hadi zinabaki rangi na mwanga tu, anazipulizia kwenye kanvasi, na juu yake anaingia kwa mkono, alama nyeusi za haraka, kufuta, kupiga tena. Hineni ya 2018 ni hivyo. Chini yake kuna moto wa misitu ya California na moto wa vijiji vya Warohingya vilivyochomwa Myanmar. Jina ni la Kiebrania, ndo lile jibu la Musa kwenye Kutoka 3:4 anapoitwa kutoka kwenye kijiti kinachowaka bila kuteketea, mimi hapa. Sasa ukiiangalia picha hii hujasoma chochote, bado kuna joto. Rangi ya machungwa inasukuma kutoka nyuma, alama nyeusi zinapita mbele kama majivu yanayopaa au kama mtu anayejaribu kuandika haraka kabla karatasi haijashika moto. Hujui moto gani lakini unajua ni moto. Taswira imefukiwa na bado inapumua, sababu ule ukungu wa chini ameuacha ufanye kazi na mkono wake unajibizana nao mbele ya macho yako. Kwa hiyo nikiulizwa nachagua Hineni. Na nikiulizwa kwa nini, ni kwa sababu chanzo chake hakikubaki kwenye maelezo, kilipitia mkononi kikabaki kwenye rangi.

Kwa vijana sina wasiwasi kama wengine walivyo nao. Jadé Fadojutimi, mzaliwa wa London 1993, anasema wazi kwamba anime za Kijapani na muziki wa filamu na gemu ndo vilimlea, na kuna watu wazima wanakunja uso wakisikia hivyo, kana kwamba muziki wa Schoenberg ulikuwa halali kwa Kandinsky na katuni si halali kwa huyu binti. Picha zake ni kubwa, zinang'aa, rangi zinapita moja nyuma ya nyingine kama mwanga wa skrini kwenye chumba chenye giza, na juu yake anachora mistari kwa vijiti vya rangi ya mafuta, mistari ya mtu aliyejifunza kuchora kwa kupenda. Ninachokisubiri kwake ni kuona mkono wake ukizeeka. Kwa wengine wengi wa umri wake, kusema kweli, naona picha imepangwa ionekane vizuri kwenye simu, na ukiifikia ana kwa ana hakuna zaidi ya ulichokiona kwenye simu. Hao hawajaathiriwa na intaneti kama inavyosemwa, wameikosa tu kazi ya mkono.

Nimemuacha mwisho Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, 1930, na najua kuna watakaosema siyo abstrakti safi kwa kuwa nyuso na miti vinatokeza. Baba yake alikuwa na chuo cha Qurani nyumbani, na yeye akiwa mdogo kabisa alijifunza kuandika aya kwenye ubao, unaandika, unasoma, unafuta, unaandika tena, na ukimaliza sehemu unaupamba ubao. Akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, kati ya 1954 na 1957, akajifunza Cézanne na wengine wote, akarudi Sudan akafanya onyesho Khartoum na watu hawakuelewa, waliokuja siku ya kwanza hawakurudi. Badala ya kuwalaumu akaanza kuangalia walichokuwa nacho wenyewe majumbani, maandishi na mapambo. Akarudi kwenye herufi. Akaivunja herufi ya Kiarabu, akaichana, na anaeleza kwamba alipoifungua katikati vikatoka viumbe, watu, mimea. Ruhusa aliipata London, umbo lilikuwa linamsubiri kwenye ubao.

Mwaka 1975 akakamatwa, akakaa gerezani miezi 6 bila kufikishwa mahakamani, karatasi ilikuwa marufuku na adhabu yake ni kufungiwa peke yako. Akawa anachora kwenye vipande vidogo vya mifuko ya saruji, anavifukia mchangani. Baada ya hapo picha zake nyingi zikaanza hivyo, kipande kidogo katikati, halafu kinaongezwa kipande pembeni, halafu kingine, kama ile The Inevitable ya miaka ya 80 yenye paneli 9. Sasa amevuka miaka 90, anaishi Oxford, mgongo unamuuma na mwili haumruhusu tena kusimama mbele ya kanvasi kubwa. Miaka ya karibuni akaanza kuchora kwa kalamu kwenye pakiti za dawa zake mwenyewe, zile boksi ndogo, anazikunjua zinalala bapa, zina pembe na mikunjo na maandishi ya kiwandani upande wa pili, anajaza kila upenyo kwa mistari myeusi midogomidogo, na baadhi zimekuzwa zikawa kanvasi kubwa. Ukiiangalia moja kwa karibu, boksi lote linaenea kwenye kiganja, na ile mistari inakatika na kuanza tena palepale mikunjo ilipo.